UZI: Dari za vinundu kwenye nyumba zilizojengwa kabla ya 1980, Marekani na Kanada. Usikwangue kabla hujapima asbesto

Mpimaji_wa_Kaskazini (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu mlioko Marekani na Kanada, na wengine wote mnaopita jukwaani.

Msimu wa kununua nyumba umeanza, na ndugu zetu wengi huku Minnesota wanapata nyumba ya kwanza. Nyumba nzuri, mtaa mtulivu, bei inayobebeka, imejengwa 1968 au 1974. Kisha napigiwa simu, na karibu zote zinafika pale pale: "Kaka, dari ina vile vinundu, inaonekana ya kizamani, tunataka tuikwangue wikiendi hii kabla hatujahamia. Humjui kijana wa bei nafuu?"

Kazi yangu ni ukaguzi wa asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi yaliyochanganywa kwenye vifaa vya ujenzi vya zamani, nina leseni ya jimbo, na kabla ya hapo nilikuwa kwenye timu za kuiondoa. Naomba mnisikilize kabla hamjapandisha ngazi.

Dari ninayoizungumzia ni ile iliyopuliziwa rojo kwa mashine, ikakauka ikiwa na chembechembe zinazoning'inia. Wamarekani wanaiita dari ya popkoni. Ilishamiri kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980, kwa kuwa inaficha kazi mbovu ya fundi wa jipsamu na inapunguza mwangwi chumbani. Haikuhitaji msasa wala rangi, kwa hiyo mkandarasi aliyejenga mtaa mzima kwa mkupuo aliipenda sana. Ndani ya rojo hilo watengenezaji wengi walichanganya asbesto, hasa ile nyeupe inayoitwa krisotili, ili lishikamane vizuri na listahimili moto.

Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, lilizuia upuliziaji wa asbesto kwa ajili ya kinga ya moto na joto mwaka 1973, na mwaka 1978 likazuia na upuliziaji wa mapambo. Mali iliyokuwa tayari stoo iliendelea kutumika, ndiyo maana nyumba za mwanzoni mwa miaka ya 1980 nazo zinakutwa nayo. Kanuni za OSHA, wanaosimamia usalama kazini, zinataka vitu vya kupuliziwa kwenye majengo ya 1980 kurudi nyuma vichukuliwe kuwa na asbesto mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Nawasihi muishike kanuni hiyo hata nyumbani kwenu. Kwa macho haijulikani. Nimesikia watu wakisema inayometameta ni salama, nyeupe ni salama, yenye punje kubwa ndiyo mbaya. Hakuna hata moja lenye ukweli. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele kwa mbali sana, zinaonekana kwa darubini ya maabara tu.

Ukivuta hewa yenye nyuzi hizo, zile ndogo zinafika chini kabisa kwenye mapafu, na mwili hauna namna ya kuziyeyusha. Zinaleta asbestosi, yaani makovu ya mapafu. Zinaleta saratani ya mapafu. Na zinaleta mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, hiyo nyeupe ikiwemo. Kinachofanya watu waidharau ni kuchelewa kwake: miaka 20, 30, hata 40. Kijana anakwangua leo, hakohoi, kesho anarudi kazini. Anaanza kuishiwa pumzi wajukuu wakiwa shuleni. Na anayevuta sigara, hatari yake ya saratani ya mapafu haiongezeki kidogo, inazidishwa mara kadhaa.

Sasa upande wa pili, maana sitaki mtu auze nyumba kwa hofu. Dari nzima, isiyobanduka, isiyolowa, isiyoguswa, haitoi nyuzi za kukutisha. Mnaweza kukaa chini yake, mkalala, mkapika. Hatari inazaliwa pale inapovurugwa: kukwangua, kupiga msasa, kutoboa tundu la feni au taa, kubandua taa ya zamani, mvujo wa paa, mtoto aliyelala kitanda cha juu na kuichokonoa usiku, ufagio unaopitishwa kuondoa utando wa buibui. Na dari hii ni miongoni mwa vitu vibaya zaidi kuvuruga, kwa sababu inasagika kwa vidole. Vigae vya zamani vya sakafu, vile vya inchi 9 kwa 9, navyo mara nyingi vina asbesto, ila imebanwa ndani kwa nguvu. Ya dari iko wazi, juu ya kichwa chako, na ukiigusa inakushukia usoni.

Kupima si gharama ya kumsumbua mtu aliyetoka kununua nyumba. Sampuli moja maabara kwa kawaida haifiki dola 100. Sheria huku kwingi inamruhusu mwenye nyumba achukue sampuli kwake mwenyewe, ingawa mimi namshauri amwite mkaguzi. Kama utaamua kuchukua mwenyewe, zima kwanza hita au kiyoyozi ili hewa isizunguke, zima umeme wa taa za chumba hicho, tandaza nailoni chini, vaa barakoa inayobana uso yenye vichujio vya P100, vinavyonasa karibu kila chembe ya vumbi (ya karatasi haitoshi). Changanya maji na matone ya sabuni ya vyombo, pulizia ukungu taratibu mpaka palowe, kisha kwangua kipande cha ukubwa wa kidole gumba moja kwa moja ndani ya kifuko cha zipu. Kwangua mpaka ufikie karatasi ya jipsamu, kwa sababu wakati mwingine asbesto iko kwenye puti ya chini na si kwenye vinundu. Funga, weka kwenye kifuko cha pili, andika chumba. Futa kwa kitambaa kibichi, kitupe pamoja na nailoni, kisha paka rangi kidogo pale ulipotoa ili kingo zisiendelee kubanduka.

Usichukue sampuli moja ukaridhika. Rojo lilikorogwa pale pale kwenye kazi, pipa baada ya pipa, na pipa la sebuleni huenda si la chumba cha kulala. Utaratibu wa mashule ya Marekani uliotokana na sheria ya asbesto ya 1986 unataka sampuli 3 kwa eneo lisilozidi futi za mraba 1,000, sampuli 5 hadi futi 5,000, na 7 kuzidi hapo. Nami nautumia huohuo majumbani. Peleka kwenye maabara iliyoidhinishwa na mpango wa serikali unaoitwa NVLAP. Majibu yanakuja kwa asilimia. Ikizidi 1% kisheria ni kitu chenye asbesto. Ikiwa chini ya hapo bado nyuzi zipo, kwa hiyo usipige msasa ukasema umeruhusiwa.

Majibu yakija kwamba ipo, una njia tatu. Ya kwanza ni kuiacha, ukaichunga isilowe wala isichokonolewe. Ya pili ni kuifunika kwa jipsamu mpya chini ya ile ya zamani, na kwa familia nyingi ninazozitembelea hii ndiyo naipendekeza: unapata dari laini, bei inakaa chini ya uondoaji, na vumbi ni dogo. Dogo, lakini lipo, kwa sababu skrubu zinapita kwenye vinundu, kwa hiyo fundi alowanishe mstari anaopigilia na avae barakoa ileile. Kupaka rangi tu kunawezekana, ila kwa mashine ya kupulizia na kwa mkono mwepesi. Rola inavuta vinundu vilivyolowa na kuvishusha chini. Ya tatu ni kuiondoa kwa kampuni yenye leseni. Hiyo inafika maelfu ya dola, na unalipia nailoni ya kufunga chumba chote, mashine ya kuvuta hewa ili vumbi lisitoke nje ya chumba, kulowesha, mifuko miwili miwili yenye lebo, na dampo linaloruhusiwa kuipokea.

Ukikuta imepakwa rangi kabla ya 1978, pima pia kama rangi hiyo ina madini ya risasi (lead), kwa safari ileile. Rangi hiyo pia inafanya dari isinywe maji, na dari isiyonywa maji inatoa vumbi zaidi ikikwanguliwa.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Vijana wanaoitwa kwa "bei nafuu" ni wetu. Ni Warundi, Wakongo, Wakenya, Watanzania waliofika juzi, wanalipwa taslimu jioni, wanakwangua kikavu wakiwa wamefunga kitambaa puani, kisha wanaingia kwenye gari na nguo zilezile na kubeba watoto. Mke anayezifua nguo hizo anavuta vumbi hilohilo. Madaktari wamelijua hilo miaka mingi kutokana na familia za wafanyakazi wa viwandani na bandarini. Mwenye nyumba anayemwita kijana huyo bila kupima anamwachia ugonjwa ambao hatakuwepo kuuona. Kama huna pesa ya kupima, huna pesa ya kukwangua. Iache dari ilivyo mpaka uwe nayo.

Karibuni kwa maswali.

---

MamaTumaini_Ohio

Kaka asante sana, ila nimesoma nikitetemeka. Nyumba yetu ni ya 1971. Jana nikiwa kazini fundi alianza kukwangua barazani na sebuleni, kikavu kabisa, madirisha yamefungwa. Nilimwambia aje kuangalia tu. Nimerudi vumbi limetanda mpaka jikoni. Nina mtoto wa miezi minane. Nimemsimamisha. Nifanye nini? Nimpeleke mtoto akapigwe picha ya kifua?

---

Mpimaji_wa_Kaskazini

Mama Tumaini, pole sana. Kwanza toeni mtoto na wewe mwenyewe, mlale kwa ndugu au jirani leo. Zima hita isisukume hewa, ziba matundu yake ya sebuleni kwa nailoni na selotepu, funga mlango, na kama hakuna mlango ning'iniza nailoni toka juu mpaka chini. Usifagie. Usitumie mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi, inazipitisha nyuzi ndogo na kuzitema kwa nyuma zikae hewani masaa. Usikung'ute mazulia wala mito.

Chukua kipande kilichodondoka, kilowanishe, weka kwenye vifuko viwili, na kingine kutoka dari iliyobaki, peleka maabara na uombe majibu ya haraka. Zipo zinazotoa siku hiyohiyo kwa nyongeza. Huenda ikawa haina kabisa, maana si kila dari ya 1971 inayo. Ila mpaka majibu yaje, ishi kana kwamba inayo.

Kuhusu mtoto: picha ya kifua leo haitaonyesha chochote, asbesto haiachi alama kwa siku moja wala kwa mwaka, na utampa mionzi bure. Mwambie daktari wake aandike kwenye faili kwamba kulikuwa na tukio, hiyo inatosha. Hatari ya magonjwa haya inapanda kwa wingi wa vumbi na kwa muda mtu alioishi nalo. Wanaougua wengi ni waliolivuta kazini miaka na miaka. Siku moja ya vumbi haifutiki, lakini si hukumu pia. Lililo mikononi mwako ni kuhakikisha siku hiyo haiwi wiki na mwezi.

Nguo ulizovaa jana zitie kwenye mfuko, zifungwe, zisifuliwe na za mtoto.

---

Bin_Mkwakwani

Mleta uzi nakuheshimu, lakini tusitishane. Mzee wangu wa Houston, aliyenipokea, ameishi chini ya dari hiyo tangu 1979. Ana miaka 81 na anatembea maili mbili kila asubuhi. Hizi kampuni za kuondoa zinaishi kwa hofu za watu.

---

Mpimaji_wa_Kaskazini

Mkuu, mzee wako ni ushahidi wa nilichoandika: dari isiyoguswa haimuui mtu. Mungu amzidishie umri. Ninachoomba ni siku akiamua kuikwangua, apime kwanza.

Kuhusu kampuni, hapo nakuunga mkono kabisa. Wapo wanaokuja kukagua bure kisha wanakuta asbesto kila nyumba. Ndiyo maana anayepima asiwe anayeondoa, na anayepima hewa baada ya kazi asiwe aliyefanya kazi. Mwenye nyumba amlipe mpimaji mwenyewe, ripoti ije mkononi mwake ikiwa na jina la maabara na asilimia ya kila sampuli. Kampuni ikikataa kuonyesha karatasi ya maabara, ifungulie mlango itoke.

---

Dada_wa_Leicester

Huku Uingereza tunayo ya aina yake, wanaiita Artex hata kama si ya kampuni hiyo. Siyo vinundu, ni mapambo ya duara duara au ya kama maganda ya samaki, yamechorwa kwa brashi na kitana rojo likiwa bichi. Ilikuwa na krisotili mpaka katikati ya miaka ya 1980, na asbesto nyeupe ilipigwa marufuku kabisa 1999, kwa hiyo nyumba yoyote ya kabla ya 2000 tunaambiwa tuishuku.

Tofauti na mnavyosema, huku tangu 2006 kuondoa Artex hakuhitaji kampuni ya leseni, kwa sababu asbesto yake ni kidogo na imeshikana zaidi. Bado anayeifanya lazima awe amefundishwa. Sisi tuliita mpigaji plasta, akapaka gundi ya kushikiza kisha plasta nyembamba juu yake, hakukwangua kitu. Dari imekuwa laini kama meza, na karatasi ya maabara tumeiweka pamoja na hati za nyumba.

---

Mpimaji_wa_Kaskazini

Dada, umenisaidia sana. Waliopo Uingereza wafuate maelezo yako, si yangu. Niongeze tu kwamba njia ya plasta juu inafaa pale rojo lilipokaza vizuri. Kwenye popkoni ya huku, plasta bichi inaivuta dari nzima chini kwa uzito wake.

---

Mtoto_wa_Uvira

Jambo kwenu wote. Mimi ni Mkongomani, niko Iowa mwaka wa pili. Nilifanya kazi ya kubomoa ndani ya nyumba za zamani, boss anatuchukua asubuhi kwa gari, tunavunja dari na kuta, hakuna mafunzo, hakuna kinga ila ile barakoa ya hospitali. Nikimuuliza anasema nyumba imepimwa. Karatasi hatujaiona. Niko na hofu ya kusema kwa sababu ya makaratasi yangu, na pia sina kazi ingine. Na ingine: mimi ni Mwislamu, nafuga ndevu. Wananiambia barakoa nzuri haifai kwa mtu wa ndevu, ni kweli?

---

Mpimaji_wa_Kaskazini

Ndugu yangu, karibu, na swali lako ndilo zito kuliko yote humu.

Kuomba karatasi ya kipimo ni haki yako. Mwenye jengo la 1980 kurudi nyuma na mwajiri wako wanapaswa kukwambia kilichomo kabla hujagusa, na kama hawajapima wanapaswa kukichukulia kuwa kipo. Anayeondoa dari ya kupuliziwa yenye asbesto anatakiwa awe amepata mafunzo ya saa 32, yaani siku nne, na kurudia siku moja kila mwaka. Mafunzo hayo, barakoa, ovaroli ya kutupa na mahali pa kuoga kabla ya kurudi nyumbani ni gharama ya mwajiri. Kiwango cha juu cha hewa ya kazini ni nyuzi 0.1 kwa sentimita moja ya ujazo kwa wastani wa saa nane, na kukwangua kikavu ndani ya chumba kilichofungwa kunaweza kukipita kiwango hicho.

OSHA wanapokea malalamiko bila kumtajia mwajiri jina la aliyelalamika ukiomba hivyo, wanaweza kukuwekea mkalimani, na sheria ya usalama kazini inamlinda mfanyakazi bila kujali makaratasi yake ya uhamiaji. Hofu yako naielewa, kwa hiyo kabla hujapiga simu pita kwenye shirika lililokupokea kama mkimbizi au kituo cha msaada wa sheria, wazungumze nawe kwa faragha. Na anza leo kuandika kwenye daftari: tarehe, anwani ya nyumba, mlichovunja, picha ikiwezekana. Ukija kuugua miaka thelathini ijayo, daftari hilo ndilo litakaloonyesha ulipoipatia.

Za ndevu, ni kweli. Barakoa ya kubana lazima iguse ngozi pande zote, unywele mdogo tu unaacha njia. Kuna kofia yenye feni ya betri inayosukuma hewa safi usoni, haihitaji kubana ngozi, na kwa kazi ambazo kiwango cha vumbi kinairuhusu inavaliwa na wenye ndevu. Muulize mwajiri, na akikwambia haipo duniani, si kweli. Kama unavuta sigara, acha, hata ukishindwa mara ya kwanza rudia. Mwambie daktari wako kila kitu ulichofanya na uombe kipimo cha pumzi, kiwe kumbukumbu ya kuanzia.

---

Kota_za_Zamani

Sisi tulio nyumbani dari zetu ni mbao, softibodi au jipsamu ya juzi. Ila kuna zile paa za kijivu zenye mawimbi kwenye kota za serikali, mashule ya zamani na nyumba za mashirika. Hapa kwetu Morogoro watu wananunua mabati yake yaliyobomolewa wanajengea mabanda ya kuku. Nayo ni hiyohiyo?

---

Mpimaji_wa_Kaskazini

Ni hiyohiyo mkuu, imefungwa ndani ya saruji. Bati la aina hiyo kwa kawaida lina asbesto kama asilimia 10 hadi 15, kwa hiyo ni nyingi kuliko ya dari nyingi za huku, lakini saruji inaishikilia. Likikaa juu zima halisumbui. Likikatwa kwa msumeno au grinda, likivunjwa kwa nyundo, likisuguliwa kuvu kwa brashi kavu, linatoa vumbi lilelile. Hata kwa dari uangalie: kwenye majengo hayo ya zamani zilitumika pia mbao bapa za saruji na asbesto, za kijivu, ngumu, zilizopigiwa ukanda kwenye maungio. Zinafananishwa na softibodi na mtu anatoboa tu.

Kubebesha watu mabaki hayo kwa ajili ya mabanda ni jambo la kukomesha. Yanalowanishwa, yanashushwa mazima kwa kufungua skrubu bila kuvunja, yanafungwa kwa nailoni, yanazikwa mahali palipoelekezwa. Tanzania waulizeni NEMC kabla ya kubomoa, Kenya NEMA, ndio wasimamizi wa mazingira. Rwanda serikali imekuwa ikiyaondoa kwa kampeni ya nchi nzima kwa miaka mingi sasa, mlioko huko mnajua zaidi.

---

Shangazi_Halima

Mimi nimepanga, ghorofa ya pili, jengo la 1969. Maji yamevuja kutoka kwa jirani wa juu, dari imevimba na vinundu vinadondoka kwenye kitanda cha binti yangu. Msimamizi amesema atakuja kupaka rangi.

---

Mpimaji_wa_Kaskazini

Shangazi, mhamishe binti chumba hicho leo. Vilivyodondoka pulizia maji, okota kwa kitambaa kibichi, mfuko juu ya mfuko. Shuka zikunje kwa ndani bila kukung'uta, ziingie mfukoni. Kisha mwandikie msimamizi, kwa maandishi si kwa simu: dari imelowa, inadondoka, jengo ni la 1969, naomba ipimwe asbesto na mtu mwenye leseni kabla ya mtu yeyote kuigusa. Ambatanisha picha zenye tarehe. Kupaka rangi juu ya dari iliyovimba hakusaidii, itashuka yote. Asipojibu kwa siku chache, peleka nakala ileile kwa wakaguzi wa nyumba wa mji na idara ya afya ya jimbo.

Wote mnaotoboa dari za chini ya paa, mwe na habari na hili: kama juu yake kuna changarawe nyepesi za kijivu na dhahabu, hiyo ni vemikulaiti, iliyomwagwa pale kuhifadhi joto la nyumba. Sehemu kubwa ya iliyouzwa Marekani ilitoka mgodi wa Libby, Montana, uliofungwa 1990, na mwamba wake ulikuwa na asbesto. Hapa Minneapolis kaskazini-mashariki kulikuwa na kiwanda kilichoichakata hadi 1989, na serikali ilikuja kusafisha viwanja vya majirani. EPA wanashauri uichukulie kuwa nayo bila hata kupima. Tundu la taa mpya linaimwaga sebuleni.

---

MamaTumaini_Ohio

Nimerudi na majibu. Sebuleni krisotili 4%, barazani 3%, vyumba vya kulala haikuonekana kwenye sampuli zote tatu. Kampuni ya leseni imekubali kuja kusafisha na kuondoa iliyobaki sebuleni na barazani. Wanasema watapima hewa wenyewe wakimaliza na watanipa cheti. Zulia wanasema wanaweza kulisafisha. Niwakubalie?

---

Mpimaji_wa_Kaskazini

Afadhali vyumba vimetoka salama, mshukuru Mungu kwa hilo.

Hewa wasipime wao. Tafuta mkaguzi wako, mlipe wewe, aingie nailoni ikiwa bado haijashushwa. Kwanza aangalie kwa macho kama kuna vumbi popote, juu ya milango, ndani ya matundu ya hita, ndipo apime. Kiwango kinachotumiwa na wengi ni chini ya nyuzi 0.01 kwa sentimita ya ujazo. Wakifeli wanarudia kusafisha kwa gharama yao, na hilo liandikwe kwenye mkataba kabla ya kusaini. Malipo ya mwisho uyashike mpaka ripoti ije.

Zulia usikubali. Nyuzi zikishaingia kwenye zulia lililokanyagwa, hakuna anayekuhakikishia zimetoka. Lilowanishwe, likunjwe, litoke pamoja na mifuko yao. Sofa ya kitambaa vilevile kama ilikuwa chini ya dari iliyokwanguliwa. Meza, luninga na kabati vinafutika. Kichujio cha hita kibadilishwe, na waambie wafungue njia za hewa za sebuleni wazisafishe kwa mashine ya kufyonza yenye HEPA, kichujio kinachonasa vumbi dogo kabisa.

Vyumba vya kulala viache kama vilivyo, au funika kwa jipsamu baadaye mkipata nafasi. Ripoti zote mbili, ya maabara na ya hewa, ziweke na hati za nyumba, maana mkiuza mtaulizwa mnachokijua. Nitumie ujumbe wa faragha, nikutafutie mkaguzi wa upande wenu asiye na uhusiano na kampuni hiyo.